Oveni mpya, ethi iliyokatwa: kisa cha jiko moja la Jinja

Niseme mapema kwamba kijana aliyeiweka oveni hii alifanya kazi safi kuliko mafundi wengi wanaolipwa. Alipima, akakata mbao kwa unyoofu, na oveni ikakaa sawa na milango ya kabati. Kosa kubwa lilikuwa kwenye waya mmoja tu, ule wa kijani na manjano, yaani ethi, waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, na hata huo ulikatwa na mtu mwingine. Ndio ulionifikisha mimi, fundi wa umeme, katika nyumba hiyo.

Nyumba yenyewe ni bangaloo ya zamani, upande wa mji wa Jinja, Uganda, unaoteremkia ziwani. Mwenyewe ni Hajati mmoja mjane anayeoka keki za harusi na za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba), na Ramadhani ikiingia anaoka mikate ya mayai kwa wateja wake wa mjini na wa Bugembe. Jikoni kulikuwa na oveni ya kujengewa kabatini, aliyoirithi kwa mpangaji aliyeondoka zamani. Ilimtumikia hadi koili ya chini ikafa. Keki ikawa inaiva juu na kubaki mbichi chini, na koili ya chapa ile haikupatikana Jinja wala Kampala.

Mpwa wake, fundi wa pikipiki, akasema atabadilisha mwenyewe. "Shangazi, hii ni skrubu nne na waya tatu. Ya nini kumlipa mtu?" Hajati akamjibu, "Haya mwanangu, ila usiniunguzie nyumba." Wakanunua oveni mpya ya saizi ya sentimita 60 kutoka duka moja la Kampala, kwa bei iliyopunguzwa kwa sababu katoni ilikuwa na madoa ya maji kwenye kona. Oveni ndani haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Madoa yale tutayarudia.

Kuitoa ya zamani hakukumsumbua. Alizima breka, akajaribu taa ya oveni kuhakikisha imekufa, halafu akapima kwa testa mwanzo wa waya na mwisho wake. Akatoa trei na raki, kisha mlango. Hapo wengi hukwama, wakauvuta mlango kwa nguvu na kuzipinda bawaba. Kila bawaba ina kijikufuli kidogo cha chuma: unafungua mlango wote, unakigeuza kijikufuli pande zote mbili, unaurudisha mlango hadi nusu ya safari, ndipo unaunyanyua nao unatoka bila ubishi. Oveni isiyo na mlango inapungua kilo kadhaa, na kwa chombo cha kilo 30 na zaidi hilo si dogo. Skrubu zinazoishika kwenye kabati ziko pembeni mwa fremu, zinaonekana mlango ukiwa wazi. Wakaivuta wawili, wakaitua juu ya gunia sakafuni.

Kilichokuwa nyuma yake ndicho kilichowapa kazi. Oveni za saizi hii zina uso wa milimita 595 hivi, lakini kiwiliwili kinachoingia kabatini ni chembamba kidogo, na watengenezaji wengi hutaka tundu lenye upana wa milimita 560 au zaidi, kimo cha karibu 600, na kina kisichopungua 550. Kijana alikuwa amepima uso wa oveni ya zamani, akaona 595, akaridhika kwamba mpya ni 595 vilevile. Tundu lenyewe lilikuwa na 548. Seremala wa kwanza alipigilia vipande vya mbao pande zote mbili ili oveni ya zamani, iliyokuwa nyembamba, isicheze. Kuvitoa ilikuwa kazi ya patasi na subira, na aliifanya bila kupasua ubao wa kabati.

Akaiingiza oveni mpya, ikagoma ikiwa imebakiza upana wa vidole viwili kufika. Akaisukuma kwa goti, wapi. Ukutani nyuma, katikati kabisa, kulikuwa na boksi la kuunganishia waya lililotokeza nje ya plasta. Oveni ya zamani ilikuwa fupi kwa kina na haikuligusa. Hii mpya ilikuwa inalisukuma kwa mgongo.

Ningekuwa na neno moja la kumwambia mtu anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe, ningemwambia aitoe ya zamani kwanza, apige picha ukuta wa nyuma, apime tundu kwa ndani sehemu tatu (juu, katikati, chini), ndipo aende dukani. Watu wanafanya kinyume kwa sababu hawataki kukaa bila oveni. Lakini Hajati alikuwa ameshakaa bila oveni, kwa hiyo kisingizio hicho hakikuwepo. Boksi likahamishiwa kwenye kabati la jirani, waya ukapitishwa kwenye tundu la ubao. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa hata pasipo na shida ya nafasi, maana siku ya kutengeneza unaweza kukata umeme wa oveni bila kuing'oa.

Wakaunga waya. Wa ukutani ulikuwa wa rangi za kizamani: nyekundu ni laini (waya unaoleta umeme), nyeusi ni nyutro (unaourudisha), kijani ni ethi. Wa oveni ni kahawia, bluu, na kijani yenye manjano. Hapo kijana hakukosea. Akawasha breka, akageuza kitasa hadi nyuzi 180, na nyumba nzima ikaingia giza. Friji, taa za uani, pampu ya tangi, vyote.

Akarudisha swichi kubwa. Akawasha oveni. Giza tena. Hakuna kilichonuka wala kutoa cheche. Akaizungusha hadi alama ya grili, yaani koili ya juu peke yake, na hapo umeme ukabaki. Akairudisha kwenye juu na chini, giza.

Hii ni dalili nzuri sana, na kijana alikuwa ameishika mkononi bila kuijua: hitilafu iko kwenye koili ya chini. Lakini aliyeitwa kuja kuangalia, jirani anayejiita fundi, hakuuliza juu wala chini. Alisema swichi hizi za kisasa zina wivu, oveni kubwa inaziangusha tu, na dawa yake ni kuiondolea ethi. Akakata waya wa kijani na manjano ndani ya boksi, akauviringishia selotepu nyeusi. Wakawasha. Oveni ikawaka, nyumba ikabaki na umeme, jirani akapewa soda.

Siku zilizofuata Hajati alioka. Kisha akaanza kusema oveni "inamtambaa" vidoleni. Mpwa wake aliigusa, hakusikia kitu. Msichana wa kazi akasema hata yeye amesikia, lakini mara nyingine haimtambai. Jioni moja Hajati alitoka kutia udhu, akiwa na kandambili zake za plastiki, akashika mpini wa mlango kwa mkono uliolowa, akauachia kwa kupiga kelele. Kesho yake nikaitwa.

Nilipofika nilimwomba awashe oveni huku mimi nikisogeza testa kwenye fremu ya chuma. Testa iliwaka. Baada ya dakika chache thermostati ikaita "tik", taa nyekundu ya oveni ikazimika, na testa nayo ikazimika. Taa ikarudi, testa ikawaka tena. Hapo ndipo penye jibu la mara inatambaa mara haitambai: chuma cha oveni kilikuwa kinapata umeme pale tu koili inapopashwa. Mpwa aliposhika, thermostati ilikuwa imekata.

Nikazima kila kitu, nikafungua kifuniko cha nyuma, nikachomoa ncha za koili ya chini. Kati ya ncha na ncha ilisoma om (kipimo cha ukinzani wa umeme) 45 hivi, yaani koili nzima kabisa, ya nguvu ya wati 1,200 na zaidi kidogo. Mtu akiishia hapo atasema oveni haina ubaya. Kipimo cha maana ni kutoka kwenye ncha hadi kwenye ganda la koili, na hapo, kwa mashine ya volti 500 ya kupimia insulesheni, yaani kizuizi cha umeme, nilisoma om 7,000. Panapaswa kuwa na mamilioni. Koili ya juu, kwa kipimo hichohicho, ilikuwa juu ya milioni tano.

Om 7,000 si shoti. Ni unyevu. Ndani ya koili ya oveni kuna waya mwembamba uliozungukwa na unga mweupe wa oksidi ya magnesi, ambao kazi yake ni kupitisha moto na kuzuia umeme. Unga huo unapenda maji. Koili ikikaa miezi stoo, hasa yenye unyevu, hewa inaingia kidogo kidogo kupitia ncha ambazo hazikuzibwa sawasawa, unga unafyonza, na siku ya kwanza ya kuwashwa umeme unavuja kutoka kwenye waya hadi kwenye ganda. Ndiyo maana nikayakumbuka madoa ya maji kwenye katoni. Oveni haikuwa feki wala mbovu. Ilikuwa imelowa.

Sasa tupige hesabu, kwa sababu bila hesabu mtu anaweza kudhani jirani aliokoa jahazi. Volti 240 kugawanya kwa om 7,000 ni miliampia 34. Swichi ya kuvuja ya nyumba ile, ambayo mafundi tunaiita RCD, imepangwa ikate ifikapo miliampia 30. Inalinganisha umeme unaokwenda kwenye laini na unaorudi kwenye nyutro. Ukipungua kwa kiasi hicho inajua kuna mahali umechepuka, inakata. Ethi ikiwa imeungwa, miliampia 34 zinashuka ardhini, swichi inaziona zimepotea, inazima nyumba. Ilifanya kazi iliyonunuliwa kufanya.

Ukikata ethi, uvujaji haujaondoka. Umekosa njia tu. Chuma cha oveni kinabaki na umeme unaosubiri, na wa kwanza kukigusa ndiye atakayekuwa njia. Mtu mwenye mikono mikavu na kandambili kavu anapitisha kiasi kidogo sana, na kuanzia miliampia moja hivi ndipo anausikia ukimtambaa. Lakini chukua mtu huyohuyo, mikono imelowa, miguu mitupu juu ya vigae vyenye maji. Tuseme mwili wake na sakafu vinatoa om 2,000. Jumlisha na 7,000 za koili, ni 9,000. 240 gawanya kwa 9,000 ni karibu miliampia 27. Kuanzia miliampia 10 na kuendelea misuli ya mkono inaweza kujifunga na mtu akashindwa kuachia. Na 27 iko chini ya 30, kwa hiyo swichi haina wajibu wa kukata. Huenda ikakata, huenda isikate. Kandambili zile za plastiki ndizo zilizokuwa zinamlinda Hajati jikoni mwake.

Kuna jambo linaloniogopesha kuliko hilo, nalo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Koili iliyolowa inakauka yenyewe kwa kutumiwa. Hajati angeendelea kuoka, moto ungefukuza unyevu, na baada ya muda kule kutambaa kungekoma. Nyumba nzima ingesema oveni imezoea. Jirani angekuwa fundi mwenye sifa mtaa mzima. Waya wa ethi, hata hivyo, ungebaki umekatwa ndani ya boksi, umefungwa selotepu, hakuna anayeukumbuka, hadi siku koili itakapopasuka kwa uzee au waya wa ndani utakapoungua na kugusa bodi. Siku hiyo si om 7,000 zitakazosimama kati ya umeme na mkono wa mtu. Uvujaji hupona; ethi iliyokatwa haiponi.

Wengine husema breka ipo, itakata. Nyumba nyingi za huku zinategemea fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini nje ya ukuta. Niliipima ya pale: om 180. Laini ikigusa chuma chenye ethi ya namna hiyo, umeme unaopita ardhini ni 240 kugawanya kwa 180, kama ampia moja na theluthi. Breka ya ampia 32 haitasikia hata kikohozi. RCD inayokata kwenye ampia 0.03, yaani zile miliampia 30, itasikia mara moja. Kanuni tunayotumia ni kwamba om za fimbo zikizidishwa kwa kiwango cha kukata zisivuke volti 50. 180 mara 0.03 ni volti 5.4, salama kabisa. Kwa hiyo ulinzi wa nyumba ile ulikuwa mzuri. Walikuwa nao, wakaukata kwa pliers.

Tiba ilikuwa rahisi na ya bure. Nilirudisha ethi kwanza. Nikaziacha ncha za koili ya chini zimechomolewa na kuzibwa kwa tepu inayostahimili moto, nikawasha grili peke yake kwa moto mdogo, mlango umefunguliwa kidogo, madirisha wazi. Koili ya juu ikaipasha oveni, oveni ikaipasha koili ya chini. Baada ya saa kadhaa nikazima, nikasubiri vyuma vipoe, nikapima: zaidi ya milioni mbili. Nikaiunga. Tukawasha juu na chini, ethi ikiwa mahali pake, RCD ikiwa mahali pake, na hakuna kilichoanguka. Kisha ikaachwa tupu kwenye moto mkali kwa muda wa saa moja, jambo linalotakiwa kwa oveni yoyote mpya ili mafuta ya kiwandani yaungue. Moshi wake unanuka vibaya na si wa kuupikia keki ya watu.

Asiye na mashine ya kupimia insulesheni anaweza kufanya alichofanya kijana bila kukusudia: kugeuza kitasa kutoka alama moja hadi nyingine na kuangalia ni koili ipi inayoangusha nyumba. Ikiwa ni moja tu na oveni ilikaa sana bila kutumika, shuku unyevu. Ikiwa zote zinaangusha, hata taa ya ndani peke yake inaangusha, acha. Huenda nyutro na ethi zimegusana mahali, na hilo ni la fundi.

Nilipokuwa pale niliangalia na breka. Ilikuwa ya ampia 32, waya wa ukutani ni wa milimita za mraba 2.5. Kijana alifurahi kuona 32 akidhani ni nguvu ya ziada. Breka hailindi oveni, inalinda waya, na waya wa 2.5 uliopita ndani ya plasta hautakiwi kuachiwa ampia 32. Oveni yenyewe ni ya wati 2,900, yaani ampia 12 kwa volti 240. Nikaweka breka ya 20 na mambo yakaisha, bila kupasua ukuta. Wako watakaokuambia lazima uvute waya wa 6 kwa sababu ni jiko. Ungekuwa na mafiga manne ya umeme juu yake ningekubali. Kwa oveni peke yake ni kutafuta kazi.

Na plagi ya kawaida je? Kwa hesabu, ampia 12 ziko chini ya 13 ambazo plagi inaruhusiwa kubeba. Kwa vitendo, plagi nyingi za bei rahisi zikibeba ampia 12 kwa saa mbili mfululizo zinalainika na kubadilika rangi. Sitii oveni kwenye plagi kama kuna waya wake.

Silikoni nayo ilinichekesha kidogo. Ili mende wasiingie, kijana alikuwa ameziba mwanya wote wa chini na wa nyuma wa kabati. Oveni hizi zina feni inayovuta hewa baridi kupitia mianya hiyo hiyo kuilinda sehemu ya vitasa. Ukiziba, swichi ya joto inakata katikati ya keki na utadhani ni ubovu mwingine. Tulikata silikoni, tukabandika wavu wa mbu.

Hajati aliuliza kwa nini keki za jioni huchelewa kuliko za alfajiri, hata oveni ikiwa nzima. Jioni mtaa mzima unawasha, na volti zinashuka. Zikifika 200, nguvu ya oveni haipungui kwa sehemu ya sita tu kama volti, inapungua kwa karibu sehemu ya tatu: zile wati 2,900 zinabaki kama 2,000. Yeye ameshahamishia oda zake alfajiri. Akauliza na kuhusu Yaka, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, kama itamla. Nikamwambia ile bei ya kupikia ya mita za nyumbani iliyowekwa na ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, inayoanza uniti ya 81 ya mwezi hadi ya 150, imetengenezwa kwa wanaopika kwa umeme.

Kuhusu nani afanye nini, sheria ya Uganda iko wazi: kazi ya kutandaza na kubadilisha waya wa nyumba ni ya mwenye kibali cha ERA, na kibali kinaonyeshwa ukiomba kukiona. Jirani hakuwa nacho, wala hakuna aliyemuuliza. Kupima, kuchonga kabati, kuitoa ya zamani, kuinyanyua mpya na kuifunga skrubu, hiyo ni kazi ya kijana yeyote mwenye akili na mgongo, na kijana huyu aliimudu. Kuhamisha boksi na kuunga ndipo angeniita. Bei yangu ya kazi hiyo isingefika bei ya keki moja ya ghorofa mbili.

Bado kuna kazi moja. Hita ya maji ya bafuni inategemea fimbo ileile ya ethi, na tulipofungua kifuniko chake tulikuta waya wa kijani nao umekatwa na kufungwa selotepu nyeusi, ya zamani sana, imekauka na kupasuka. Hajati hajui ni nani aliyeukata. Tumeizima kwenye breka hadi Jumamosi, nitakaporudi na fimbo ya pili.